Kutoga tena baada ya kipini kukataliwa na mwili: nini kibadilike kabla ya sindano ya pili

Kipini cha kitovu hakitoki siku moja. Unaweza kuamka ukakuta gololi, ile shanga ya mwisho wa kipini, kwenye shuka na ngozi imepasuka, ukadhani ni ajali ya usiku, kumbe kilikuwa safarini kwa wiki kadhaa, pengine miezi. Kwa hiyo anayeuliza kama anaweza kutoga tena inambidi kwanza ajue cha kwanza kilitokaje, halafu aamue ni kitu gani kitabadilika. Kurudi kwa mtogaji yule yule, na kipini cha aina ile ile, pahali pale pale, kwa kina kile kile, ni kulipia kovu la pili.

Mwili unavyokisukuma

Mwili haujui pambo. Chuma kilichopita ndani ya ngozi ni mwiba tu, na kwa mwiba una njia mbili: kuuzungushia ukuta wa ngozi mpya ukae nao, au kuusukuma nje. Ndewe ya sikio kwa kawaida huchukua njia ya kwanza, maana tundu limepenya nyama moja kwa moja kutoka mbele hadi nyuma. Ulimi pia ni hivyo. Kitovu, nyusi, kisogo na kifua ni habari nyingine. Hapo kipini kinalala chini ya ngozi, sambamba nayo, kikiwa na milimita chache tu za nyama juu yake. Nyama hiyo ya juu ndiyo nyonge. Kovu linajengeka nyuma ya kipini, ngozi ya mbele inakonda, na kipini kinapanda kidogo kidogo mpaka kinatokeza. Ndiyo sababu alama inayobaki huwa mstari badala ya nukta mbili: ile ni njia ambayo chuma kilipitia.

Mstari huo ndio unaoleta ugumu wa kutoga tena. Ngozi ya kovu haivutiki kama ya kawaida, na hata ikikomaa kabisa nguvu yake hufika takriban asilimia 80 ya ngozi ambayo haijawahi kukatika. Wiki ya 3 baada ya jeraha, nguvu hiyo bado ni kama asilimia 20 tu. Kwa macho limepona, lakini ndani kazi ndiyo kwanza imeanza.

Je, kweli kilikataliwa?

Watu wengi husema mwili umekataa kwa kila tatizo la kipini, na hapo ndipo tiba zinapokosewa. Kuna mambo manne yanayofanana kwa nje, na kila moja lina jibu lake.

Kukataliwa hakuna haraka wala hakuumi sana. Matundu mawili yanakaribiana, sehemu ya kipini inayoonekana nje inazidi kuwa ndefu, kipini kinaning'inia au kuinama upande ambao hakikuinama mwanzo, na ngozi ya katikati inakuwa nyembamba, kavu, yenye kung'aa na kubanduka magamba. Ukifika hatua ya kuona kivuli cha chuma kupitia ngozi, umechelewa.

Uambukizo una moto. Pahali panadunda, panavimba, maumivu yanaongezeka badala ya kupungua, usaha ni mzito wa manjano au kijani na una harufu, na homa inaweza kuja. Majimaji meupe yanayokauka na kuwa utando kuzunguka kipini si usaha. Kila tundu jipya hutoa hayo.

Mzio wa nikeli, metali inayochanganywa kwenye vyuma vingi vya mapambo, unawasha. Ngozi inayogusana na chuma hutoka vipele, inalowa, tundu linapanuka, na ukivaa chuma kisicho na nikeli hali huanza kutulia. Aliyewahi kuwashwa na kifungo cha suruali ya jinzi chini ya kitovu ana sababu nzuri ya kushuku nikeli.

Halafu kuna kinundu kidogo kando ya tundu, hasa puani na kwenye gegedu la sikio, ambacho watu hukimbilia kukiita kiloidi, yaani kovu linalokua kupita mipaka ya jeraha lake. Mara nyingi ni hasira ya ngozi tu kwa sababu kipini ni kirefu mno, kinaguswaguswa, au unakilalia. Ukiondoa sababu, kinundu hunywea.

Tahadhari moja kuhusu rangi. Maelezo mengi yanayosambaa mtandaoni yanamwambia msomaji atazame wekundu. Kwa ngozi nyeusi wekundu huo huonekana kama weusi uliozidi, rangi ya zambarau, au mng'ao wa ngozi iliyotuna, na wakati mwingine hauonekani kabisa. Tumia mgongo wa mkono kupima joto, ulinganishe na upande wa pili wa mwili.

Kutofautisha uambukizo na kukataliwa kuna faida ya moja kwa moja, kwa sababu hatua zake zinapingana. Kwenye uambukizo hutakiwi kung'oa kipini kabla ya kumwona daktari: tundu linaweza kufunga juu na kufungia usaha ndani. Kwenye kukataliwa, kinyume chake, kukitoa mapema ndiko kunakookoa nyama ya kutogea siku za mbele. Kipimo cha kitovu ni rahisi. Weka rula kando, upige picha mara moja kwa wiki ukiwa umesimama, mwanga ule ule. Nyama iliyo kati ya matundu ikishuka chini ya milimita 6, au ikipungua wiki hadi wiki bila kusimama, kitoe. Kusubiri kwa matumaini hakujawahi kukirudisha kipini ndani. Kunaongeza urefu wa kovu tu.

Kwa nini cha kwanza kilitoka

Sababu ya kwanza kabisa ni kina. Mtogaji anayeogopa, au anayetaka kumalizia haraka, hushika ngozi kidogo tu na kupitisha sindano juu juu. Kipini kinapendeza siku ile, lakini kina nyama ya milimita 4 juu yake, na hakuna namna ya kudumu.

Ya pili ni unene wa kipini. Hapa watu hufikiri kinyume: wanachagua chembamba wakiamini kinaumiza kidogo. Muuza duka anapogawa mche wa sabuni kwa waya mwembamba, waya unapita kwa sababu ni mwembamba. Angetumia fimbo ungekataa. Kipini chembamba kinaikata nyama vivyo hivyo kila unapoinama. Kitovu kinataka milimita 1.6, ambayo kwa namba za watogaji ni geji 14. Nyusi ni milimita 1.2, yaani geji 16. Pua hutosheka na milimita 1.0 au 0.8, geji 18 na 20. Namba ikipanda, kipini kinakonda, na wengi huuziwa kinyume kwa kutojua hilo.

Ya tatu ni umbo. Pete ya duara kwenye kitovu kipya hucheza na kuzunguka siku nzima, na kila mzunguko unaingiza uchafu na kuvuta nyama. Kipini kilichopinda kidogo ndicho kinachofaa. Kwa kifua na kisogo, hata hicho kilichopinda hakifai: pahali tambarare panahitaji kipini kilichonyooka chenye miguu miwili iliyosimama wima kutoka kwenye ngozi, ili shinikizo lisiende kwenye matundu.

Ya nne ni chuma chenyewe, nacho kinakuja baadaye katika makala hii, kwa sababu kina mambo mengi.

Ya tano ni umbile, na hili halina lawama kwa mtu. Simama mbele ya kioo, tazama kitovu, kisha kaa kwenye kiti bila kujikaza tumbo. Kama ukikaa kitovu kinafunga kabisa na ukingo wa juu unakunjika kuingia ndani, gololi ya chini itasukumwa nje kila unapokaa, ofisini, kwenye matatu, mezani. Kipini cha kawaida hakitadumu hapo hata kikitogwa na fundi bora duniani. Kuna namna nyingine, ambapo mwisho wa chini unawekwa kisahani bapa badala ya gololi, nacho kinajificha kitovu kinapofunga. Ila lazima mtogaji awe anaijua. Kama kitovu kimetokeza nje, usitoge chenyewe kwa hali yoyote. Ngiri ya kitovu ni jambo la kawaida kwa watoto wa Kiafrika, wengine hukua nayo, na nyuma ya ngozi ile panaweza kuwa na utumbo.

Halafu kuna mavazi, na hapa Mombasa yana orodha yake. Fundo la leso likikazwa kiunoni linakaa sawasawa juu ya gololi ya juu. Shanga za kiunoni zinasugua usiku kucha, na uzi wake hunasa. Jinzi ya kiuno cha juu inabana na kutoa jasho pamoja. Mkanda wa gari hupita hapo hapo. Kwenye sikio na nyusi, adui ni pini za mtandio na mtandio wenyewe unapovuliwa kwa haraka. Aliyevaa dera tupu miezi mitatu ya mwanzo alikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kubaki na kipini chake kuliko aliyekazana na jinzi, hata kama walitogwa na mtu mmoja.

Ujauzito na kunenepa au kukonda kwa haraka kunaweza kukiondoa kipini hata kilichokaa miaka. Hapo hapakuwa na kosa la kusahihisha. Ni kusubiri tu mwili utulie.

Muda wa kungoja, na jinsi ya kulisoma kovu

Miezi 3 ni kiwango cha chini kabisa, na kinamfaa yule aliyekitoa kipini mapema, akabaki na nukta mbili ndogo. Kama kilipasua ngozi hadi nje na kuacha mstari, ngoja miezi 6 hadi mwaka. Anayekuambia urudi baada ya wiki mbili anatafuta biashara.

Kalenda peke yake haitoshi. Kovu lenyewe huonyesha. Lishike kwa vidole viwili ulinyanyue. Lililo tayari linanyanyuka na kuteleza juu ya nyama ya chini, ni laini, ni bapa, haliwashi na haliumi ukilibonyeza. Lililo gumu mithili ya kamba chini ya ngozi, au lililonata chini, halijafika. Rangi usiihesabu. Kwenye ngozi nyeusi doa jeusi linaweza kubaki mwaka au zaidi baada ya kovu kukomaa, na haliwi kizuizi cha kutoga.

Wakati wa kungoja kuna kazi ya kufanya. Ngozi ikishafunga kabisa na magamba kuanguka, likande kovu kwa kidole dakika 5 hadi 10 mara 2 kwa siku, kwa kubonyeza na kuzungusha. Mafuta ya nazi yanatosha kabisa. Kazi yake ni kuzuia msuguano. Jeli au plasta za silikoni za dukani hulainisha makovu yanayotuna, zikivaliwa saa nyingi kila siku kwa miezi.

Usichopaka ni mkorogo. Krimu nyingi za kung'arisha zina steroidi kali, na steroidi inakondesha ngozi. Mtu anapaka doa la kitovu kwa nusu mwaka ili lifutike, halafu anarudi kutoga ngozi ambayo imekuwa nyembamba kuliko ilivyokuwa kabla ya kukataliwa. Singo ya bibi harusi na liwa hazina shida juu ya kovu lililofunga, ila zisikaribie tundu jipya.

Kungoja kuna faida nyingine isiyosemwa sana: kiloidi huchelewa. Inaweza kuanza kukua miezi 3 baada ya jeraha, wakati mwingine hata mwaka. Kovu lililotuna la kawaida hubaki ndani ya mipaka ya jeraha na hupungua lenyewe. Kiloidi hupita mipaka, huendelea kukua, na huwasha. Watu weusi tunaipata zaidi, na hurithiwa katika familia, hivyo muulize mama na mashangazi pia. Sehemu zake za kupenda ni ndewe, mabega na kifua. Ikiwa tundu la kwanza lilizaa kiloidi, usitoge tena, si hapo tu bali popote pasipo lazima. Mwone daktari wa ngozi. Tiba huanza kwa sindano za steroidi ndani ya kiloidi yenyewe, na ikikatwa kwa kisu bila tiba nyingine mara nyingi hurudi, pengine kubwa kuliko mwanzo.

Tundu jipya likae wapi

Si ndani ya mstari wa kovu, kama kuna pengine. Mtogaji mwenye uzoefu hupita nyuma ya kovu, yaani kwa kina zaidi, ili kovu lote libaki mbele ya kipini. Likiwa refu na bado nyama ipo, husogea kushoto au kulia milimita kadhaa. Kupitia katikati ya kovu kunawezekana likiwa laini kabisa, lakini sindano hupata ukinzani, inaweza kupinda njia, na tundu linaweza kutoka mshazari.

Kwa kitovu, kubali kupewa jibu la hapana. Mtogaji akishika ukingo wa juu na kukuta nyama haitoshi kuacha angalau milimita 8 hadi 10 kati ya matundu nyuma ya kovu, hakuna kipini cha aina yoyote kitakachosaidia. Ukingo wa chini wa kitovu unaweza kutogwa kwa baadhi ya watu, ila unakutana na kiuno cha nguo moja kwa moja, kwa hiyo mimi nisingeushauri kwa anayevaa suruali kila siku.

Nyusi iliyokataa mara moja ina uwezekano mkubwa wa kukataa tena, kwa sababu nyama ya pale ni chache kwa kila mtu. Ukishikilia, tundu liende upande wa nje, mbali na mshipa wa fahamu unaotokea juu ya jicho upande wa pua. Pua ni rahisi zaidi. Mara nyingi haijakataa kitu, kipini kilidondoka tu kikiwa kifupi au cha kupinda, tundu likafunga. Kusogea milimita 2 au 3, au kuhamia upande wa pili, humaliza neno.

Alama ya kalamu iwekwe ukiwa umesimama. Ukilala, ngozi ya tumbo husogea na tundu lililoonekana katikati linakuwa la pembeni ukiinuka. Kisha ukae, uiname, na alama itazamwe tena. Mtogaji asiyekuambia ukae hajafikiria umbile lako.

Chuma

Kwa anayetoga mara ya pili, titaniamu ya kiwango cha ASTM F136 au ISO 5832-3, ile inayotumiwa na madaktari wa mifupa ndani ya mwili, ndiyo ya kuanzia. Haitoi nikeli na ni nyepesi. Kuna pia niobiamu, isiyoonekana sana huku kwetu.

Maneno "chuma cha hospitali" kwenye kadi ya hereni hayana maana yoyote ya kupimika. Chuma cha pua cha 316L kina nikeli ya asilimia 10 hadi 14. Kikiwa cha daraja la kuwekwa mwilini na kimesuguliwa vizuri hutoa kidogo sana, lakini huwezi kukitambua kwa macho kati ya vipini vya mezani Mwembe Tayari. Ulaya ina sheria kwamba kipini cha tundu jipya kisitoe zaidi ya mikrogramu 0.2 za nikeli kwa sentimita mraba kwa wiki. Mtogaji wa maana anaweza kukuonyesha cheti cha chuma chake. Sumaku husaidia nusu tu: ikishika, kikatae, isiposhika, bado hujathibitisha kitu.

Dhahabu ya sonara ni mtego wa Mombasa. Ni halisi, ni ya karati 22, imetoka kwa bibi, na ni laini mno kwa tundu bichi. Hukwaruzika, na mikwaruzo hiyo inakaa dhidi ya nyama. Kwa tundu jipya dhahabu iwe ya karati 14 hadi 18, iliyochanganywa bila nikeli wala kadmiamu. Kishaufu au kipini cha karati 22 kisubiri tundu lipone. Fedha nayo huingia kutu jeusi ndani ya jeraha na inaweza kuacha doa la kijivu lisilotoka. Iliyopakwa rangi ya dhahabu mara nyingi ni nikeli yenye shati.

Angalia pia uzi wa skrubu. Ukiwa nje ya kipini, meno yake yanapita ndani ya tundu kila unapokitoa au kukivaa. Unaotakiwa uko ndani ya kipini, na gololi ndiyo yenye msumari. Urefu wa mwanzo kwa kitovu uwe milimita 11 au 12 ili uvimbe upate nafasi. Uvimbe ukiisha, baada ya wiki 4 hadi 8, rudi ubadilishiwe kifupi, kwa kawaida milimita 10. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na kipini kirefu kinachonasa kwenye dera huanza safari ile ile ya kwanza.

Siku ya sindano

Bunduki ya hereni usiikubali popote isipokuwa, kwa shingo upande, kwenye ndewe. Na kwa kutoga tena usiikubali kabisa. Inasukuma kipini butu kwa nguvu, inaponda kovu badala ya kulikata, na plastiki yake haivumilii joto la kuua vijidudu. Inayotakiwa ni sindano yenye tundu ndani, mpya, inayofunguliwa mbele yako na kutupwa kwenye kopo la ncha kali mbele yako.

Vifaa vinavyorudiwa vipite kwenye otoklevu, mashine inayoua vijidudu kwa mvuke wenye shinikizo: nyuzi 121 kwa dakika 15 hadi 30 kutegemea vimefungwa vipi, au nyuzi 134 kwa dakika chache. Pakiti huwa na alama inayobadilika rangi, omba uione. Kuchemsha kwenye sufuria au kufuta kwa spiriti hakuui kila kitu, na kirusi cha hepataitisi B huweza kuishi juu ya meza kwa siku 7. Chanjo ya pepopunda iwe haijapita miaka 10.

Nenda umekula. Mwezi wa Ramadhani nenda baada ya futari, maana wanaozirai huwa ni wenye tumbo tupu. Kama una sukari, au unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, zungumza na daktari kabla. Na kama unaweza kuchagua msimu, miezi ya Kusi, Juni hadi Agosti, ni rahisi kuliko Machi. Joto la mchana hushuka kutoka karibu nyuzi 32 hadi karibu 28, na jasho linapungua nalo.

Kuuguza katika jiji la joto na maji ya chumvi

Dawa ni moja: maji ya chumvi ya dukani ya asilimia 0.9, yaani gramu 9 kwa lita. Loanisha kitambaa safi cha hospitali, weka juu ya matundu dakika 3 hadi 5 mara 2 kwa siku, utando ulainike uondoke wenyewe, kausha kwa karatasi safi. Taulo hunasa na hubeba vijidudu. Nunua chupa ndogo kuliko dripu ya mililita 500, maana ikishafunguliwa haikai safi siku nyingi. Usizungushe kipini. Ushauri wa kukizungusha kisigande unaendelea kurithiwa, na kazi yake pekee ni kuchana ngozi changa.

Maji ya kisima, ambayo nyumba nyingi hapa huyategemea, yana chumvi lakini si dawa. Hakuna anayejua kiasi chake wala kilichomo. Ukikosa ya bomba, oshea kwa maji yaliyochemshwa na kupoa. Bahari ina kama gramu 35 za chumvi kwa lita, karibu mara nne ya kiwango cha mwili, inakausha na kuchoma, na mvua ikinyesha mitaro yote inaishia huko. Kuogelea kungoje angalau wiki 4 hadi 6, na kwa kitovu zaidi.

Dettol, spiriti, haidrojeni peroksaidi, unga wa kapsuli za antibiotiki, majivu na manjano vyote huharibu seli changa au huziba tundu. Sabuni isiyo na manukato inatosha, mara moja wakati wa kuoga. Baada ya jasho suuza na ukauke mbele ya feni. Unyevunyevu unaokaa chini ya nguo ndio unaooza ngozi hapa, hata bila uchafu.

Mwenye kutoga pua na anayeswali atapandisha maji puani mara kadhaa kwa siku. Yawe safi, mkono uoshwe kwanza, usipenge kwa nguvu, na tundu likaushwe kila mara. Kama daktari amekukataza maji kabisa, hukumu yake kaulize kwa sheikh, si kwa mtogaji.

Pua hupona kwa miezi 2 hadi 4 au zaidi, nyusi miezi 2 hadi 4, kitovu miezi 6 hadi 12. Kwa tundu la pili nyuma ya kovu, shika ile namba ya juu. Shanga za kiunoni zivuliwe muda wote huo, leso ifungwe juu ya kifua au chini ya nyonga, na ulale chali.

Picha za rula ziendelee hadi mwezi wa 6. Kipini kusogea milimita 1 mwezi wa kwanza uvimbe unaposhuka si kitu. Kuendelea kusogea baada ya mwezi wa 3 ni kitu. Kikianza tena, nawa mikono, fungua gololi ya juu, kitoe kuelekea chini kikiwa kimeloa maji ya chumvi, funika kwa plasta siku 2 au 3, kisha uanze kukanda ngozi ikishafunga. Safari hiyo ndiyo ya mwisho kwa pahali hapo. Nyama iliyobaki haitoshi tena kushika chuma, na mtogaji atakayekubali kujaribu mara ya tatu hajaipima.